Shajara ya mradi: mraba mmoja wa baraza ya Innocenti kwa kipimo cha 1:20

Wiki ya 1: kipande na kipimo

Tunajenga kwa mbao na jasi mraba mmoja wa baraza ya Ospedale degli Innocenti, nyumba ya watoto walioachwa ambayo Filippo Brunelleschi alianza kuijenga Firenze, Italia, mwaka 1419 kwa gharama ya chama cha mafundi na wafanyabiashara wa hariri. Mraba huo huo baadaye utachorwa kwa fresko, yaani rangi juu ya lipu mbichi, kwenye ubao. Majengo ya Renaisansi, zama za kufufua ukale wa Wagiriki na Warumi, ni mengi, na mengine ni makubwa kuliko hili. Hili tumelichagua kwa sababu mkono wa kale umo ndani yake waziwazi, na mahali ulipoachwa njiani panaonekana pia.

Kanuni yake inaingia kwenye kiganja. Urefu wa nguzo pamoja na kitako na kichwa chake ni braccia 10. Umbali kutoka nguzo hadi nguzo ni braccia 10. Kina cha baraza kutoka nguzo hadi ukutani ni braccia 10. Braccio ni "mkono", kipimo cha mwili kama dhiraa ya pwani, ila ni kirefu zaidi: cha Firenze kilikuwa sentimita 58.36. Kiligawanywa katika soldi 20, na kila soldo katika denari 12.

Ndiyo maana tumechukua 1:20. Kwa kipimo hicho braccio moja ya jengo inakuwa soldo moja halisi, milimita 29.18, na braccia 10 zinakuwa nusu braccio, milimita 291.8. Fundi wa mwaka 1419 angeweza kupima mfano huu kwa rula yake mwenyewe bila hesabu yoyote.

Kazi ya kwanza basi ni kutengeneza rula. Fito ya mbao ngumu ya milimita 300, migawanyo 10 ya 29.18, na mgawanyo wa mwisho umekatwa tena vipande 4. Ukipima kila braccio peke yake kwa rula ya kawaida na kukadiria 29, kosa la 0.18 linajikusanya: baada ya braccia 10 umepoteza milimita 1.8, na tao halikai tena juu ya kichwa cha nguzo. Piga alama ya 291.8 kwanza, ndipo ugawe ndani. Usijumlishe kutoka sifuri.

Wiki ya 2: nguzo mbili

Mbele zinasimama nguzo mbili. Upande wa nyuma tao linatua juu ya vitegemeo viwili vilivyochomoza ukutani.

Kipenyo cha chini tumekiweka braccio 1, yaani 29.2 mm, hivyo urefu ni vipenyo 10. Huo ndio uwiano ambao msanifu Vignola aliuandika mwaka 1562 kwa nguzo za Kikorintho, zenye kichwa cha majani, na za mchanganyiko. Nguzo haipandi ikiwa na unene mmoja. Vitruvius, mhandisi wa Kirumi ambaye kitabu chake ndicho pekee kikubwa cha usanifu kilichotufikia kutoka zama zile, anatoa jedwali zima la jinsi ya kuipunguza. Nguzo isiyozidi futi 15 za Kirumi ikatwe juu kuwa sehemu 5 kwa 6 za chini. Ya futi 15 hadi 20, sehemu 5½ kwa 6½. Ya futi 20 hadi 30, sehemu 6 kwa 7, na kuendelea. Kadiri nguzo inavyorefuka ndivyo inavyopunguzwa kidogo zaidi, kwa sababu jicho la aliye chini linaipunguza lenyewe. Nguzo yetu halisi ina mita 5.84, karibu futi 19.7 za Kirumi, kwa hiyo inaingia daraja la pili: 29.2 × 5.5 ÷ 6.5 = 24.7 mm.

Mgawanyo wa urefu: kitako nusu kipenyo, 14.6 mm, kichwa kipenyo kimoja, 29.2 mm, mwili unaobaki 248 mm.

Mwili umekerezwa kwa mvule uliokauka vizuri. Theluthi ya chini imeachwa na unene mmoja, na kupunguza kunaanzia hapo kwa mkunjo mdogo sana. Ukipunguza kwa mstari ulionyooka kutoka chini kabisa unapata koni, na koni inaonekana kama mguu wa meza. Kata kigezo cha bati chenye mkunjo wote, kisha kipitishe ubavuni kila baada ya kukereza kidogo. Nguzo ya kwanza tuliitupa. Mbao ilikuwa na unyevu, na siku nne baadaye ilikuwa imepinda milimita 1.5 katikati, kosa linaloonekana mara moja likiwekwa kando ya timazi.

Nguzo za jengo lenyewe ni za jiwe la kijivu liitwalo pietra serena, na kuta ni lipu nyeupe. Jiwe hilo si pambo tu: kila mstari wa kijivu ni mstari wa hesabu uliochorwa juu ya ukuta mweupe ili mpita njia auone. Rangi tuliyotumia ni nyeupe sehemu 10, nyeusi 3 na kijiko kidogo cha okra, udongo wa rangi ya njano. Bila okra kijivu kinageuka samawati, na jiwe linaonekana kama plastiki.

Wiki ya 3: vichwa vya nguzo

Vitruvius anasimulia kwamba Kalimako, mchongaji wa Ugiriki, aliona kikapu juu ya kaburi la msichana wa Korintho kikiwa kimezungukwa na majani ya mmea wa akantho yaliyoota chini yake, na ndipo akabuni kichwa cha Kikorintho. Kwa anayechonga, simulizi hiyo ni mwongozo wa kazi: chonga kikapu kwanza, majani baadaye.

Hesabu yake ni hii. Urefu wote 29.2 mm. Bamba la juu ni sehemu moja ya saba, 4.2 mm. Zinazobaki, 25 mm, zinagawanywa tatu: safu ya chini ya majani 8.3, safu ya pili 8.3, na ya tatu ni ya vikonyo na mizingo ya pembeni, ile misokoto kama ya konokono. Ulalo wa bamba kutoka pembe hadi pembe ni mara mbili ya urefu wa kichwa, 58.4 mm, kwa hiyo upande wake ni 41.3 mm kabla ya kukatwa mkunjo wa kuingia ndani. Kila safu ina majani 8. Mzingo wa kikapu ni 77.6 mm, na kila jani linapata milimita 9.7 tu.

Kwa upana huo usijaribu kuchonga kila mshipa wa jani. Mishipa mitatu na ncha inayopinda nje inatosha. Zaidi ya hapo rangi inaziba kila kitu. Tumechonga kimoja kwa nta ngumu na kukitengenezea kalibu ya silikoni kwenye kisanduku cha 60 × 60 × 45 mm, mililita 130 za silikoni hivi. Tabaka la kwanza lipakwe kwa brashi ndogo na kusukumwa chini ya mizingo, la sivyo mapovu yanakaa hapo hapo na kila nakala inatoka haina pua. Kalibu ikiganda, ipasue upande mmoja kwa wembe kutoka juu hadi chini ili mizingo itoke bila kuvunjika, kisha uifunge kwa mpira kabla ya kumimina. Nakala 5 zimemiminwa na 2 zimetumika. Mbili zilivunjika pembe za bamba wakati wa kutolewa, kwa kuwa hazikuachwa dakika 40 kamili.

Wiki ya 4 na ya 5: tao linaloanguka

Hapa ndipo mradi ulipochukua muda mrefu zaidi, na ndipo penye jambo lenyewe.

Warumi walitumia nguzo kwa namna mbili. Katika hekalu nguzo inabeba boriti ya mawe iliyolala. Katika jengo la matao, kama Colosseum, uwanja wa michezo wa Roma, tao linakaa juu ya nguzo pana za mraba, na nguzo ya duara imebandikwa mbele kama fremu. Tao kukaa moja kwa moja juu ya nguzo nyembamba ni jambo la mwisho wa dola ya Kirumi, likaendelea makanisani. Brunelleschi alikuwa nalo nyumbani kwao: kanisa la San Miniato al Monte, na mahali pa ubatizo pa San Giovanni, jengo lililowekwa wakfu mwaka 1059 ambalo watu wa Firenze waliamini lilikuwa hekalu la Mars, mungu wa vita wa Warumi. Sehemu ya "ukale" alioufufua ilikuwa na umri wa karne nne tu. Tunaona hilo halimpunguzii kitu. Linaonyesha kwamba macho yake yalikuwa kwenye mawe ya mji wake kabla ya kuwa vitabuni.

Kwa nini tao na si boriti? Vitruvius anapanga nafasi wazi kati ya nguzo kwa vipenyo: 1½, 2, 3, na ile anayoisifu kuliko zote, 2¼. Ikizidi sana, anasema, boriti ya mawe haifai, tumia mbao. Nafasi yetu ni (291.8 − 29.2) ÷ 29.2, yaani vipenyo 9, mara nne ya ile bora. Jiwe lililolala lenye urefu huo linavunjika upande wa chini, maana jiwe ni hodari likibanwa na dhaifu likivutwa. Ukitaka braccia 10 kila upande, tao halikwepeki.

Sasa vipimo. Nafasi wazi kati ya sehemu za juu za miili ya nguzo ni 291.8 − 24.7 = 267.1 mm, kwa hiyo nusu kipenyo cha tao kwa ndani ni 133.55. Tumelikata katika mawe 15 ya kabari, kila moja nyuzi 12. Idadi iwe witiri, ili jiwe moja likae kileleni.

Toleo la kwanza: unene wa tao 12.35 mm, nusu ya kipenyo cha juu cha nguzo. Mantiki yake ilionekana safi. Juu ya kila nguzo matao mawili ya jirani yanakutana, basi kila moja lichukue nusu ya kichwa. Ili tusichanganye matatizo mawili, tao liliwekwa kwanza juu ya matofali mawili yasiyosogea, mawe yakiwa makavu bila gundi. Kiunzi cha chini kikashushwa kwa kabari, milimita moja kwa wakati. Tao lilianguka kabla kiunzi hakijaachana nalo kabisa. Kilele kilishuka, kiungo kati ya jiwe la 3 na la 4 kutoka chini kikafunguka upande wa nje pande zote mbili, na vipande vikalala.

Sababu inajulikana kwa namba. Tao la nusu duara linalobeba uzito wake tu linahitaji unene usiopungua 10.75% ya nusu kipenyo chake cha katikati. Letu lilikuwa 12.35 ÷ 139.7, yaani 8.8%. Katika jengo halisi ukuta uliojazwa kati ya matao unalishika tao lisifunguke nje, lakini fundi anayeondoa kiunzi kabla ya kujaza ukuta yuko hatarini.

Toleo la pili: unene 24.7 mm, sawa na kipenyo cha juu cha nguzo. 24.7 ÷ 145.9 ni 17%, salama kabisa. Lakini sasa matao mawili ya jirani yanagongana: kila moja linavuka mhimili wa nguzo kwa 12.35 mm. Mizingo yao ya nje inakutana 61.3 mm juu ya kichwa, sawa na mawe mawili ya kabari. Dawa ni kumimina mawe mawili ya chini ya kila tao kama jiwe moja la pamoja lenye umbo la herufi Y. Mawe huru yakabaki 11. Mgongano huu ndio unaofanya wajenzi wengine waweke kipande cha boriti kati ya kichwa na tao. Brunelleschi mwenyewe alifanya hivyo katika kanisa la San Lorenzo, na kipande hicho kinayapa matao mahali pa kutua pa juu zaidi.

Angalizo la kumimina kabari: kosa la nyuzi 0.2 kwa kila jiwe linakuwa nyuzi 3 kwa mawe 15, na kileleni hiyo ni pengo la milimita 7.6. Tengeneza kalibu moja tu na uimiminie mara 11. Usitengeneze kalibu sita ili kuharakisha. Kila moja itakuwa na pembe yake.

Tao nene juu ya matofali lilisimama. Likahamishiwa juu ya nguzo zetu mbili, kiunzi kikashushwa, na nguzo zote mbili zikainamia nje taratibu, tao likafuata. Tao lenyewe halikuwa na kosa. Msukumo wake wa kando ulikuwa mkubwa kuliko uwezo wa fimbo yenye upana wa 29 mm na kimo cha 292 kuupinga.

Toleo la tatu: waya wa chuma wa 1.2 mm umefungwa kutoka jiwe la Y hadi jiwe la Y, 2 mm juu ya kichwa, na skrubu ndogo ya kukazia. Limesimama, na linabeba kilo 2 kileleni. Kaza mpaka waya ulie kidogo ukiuchapa kwa kucha, basi. Ukiendelea, nguzo zinavutwa ndani na kilele kinainuka.

Baraza halisi nayo ina vyuma hivyo, vinaonekana na kila anayetazama juu. Matao tisa yaliyopangwa mstari mmoja yanasukumana na kutulizana yenyewe kwa yenyewe, isipokuwa mwishoni. Kuelekea barabarani hakuna wa kutuliza msukumo wa paa, na chuma cha kutoka nguzo hadi ukutani ndicho kinachoshika.

Wiki ya 6: kuba la tanga

Waitaliano wanaliita volta a vela, na neno letu linakuja lenyewe: ni kama tanga lililofungwa pembe nne na kujazwa upepo. Chukua nusu ya mpira, ichonge pande nne kwa mraba unaogusa mzingo wake kwenye pembe.

Mraba wa ndani ni 267.1 mm kila upande. Nusu ya ulalo wake, 188.9 mm, ndiyo nusu kipenyo cha mpira. Ukiukata mpira huo kwa bapa lililo 133.55 mm kutoka katikati, unapata nusu duara yenye nusu kipenyo cha 133.55. Ndilo tao letu, bila milimita ya ziada. Kuba na matao yake manne yanatoka kwenye mraba mmoja na bikari moja. Hakuna kilichobuniwa pembeni ili kuziba pengo. Tuliuangalia mchoro huu kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

Hatua: ubao wa 400 × 400 mm, msumari wa mhimili katikati, wima kwa timazi, kiini cha waya wa kuku na magazeti, jasi juu yake, kigezo cha bati cha nusu kipenyo 188.9 kinachozungushwa kwenye mhimili hadi uso uwe laini. Mhimili ukitikisika hata milimita moja, kilele kinatoka bapa. Paka sabuni ya maji mara tatu, kila mara ikauke. Kisha mimina ganda la 8 mm: tabaka la 3 mm, nyuzi za katani zilizotawanywa na kulowekwa ndani ya jasi, tabaka la mwisho, na kigezo cha pili cha 196.9. Jasi kilo 1 kwa maji mililita 650 inatosha ganda zima na kubakiza kidogo. Kata pande nne kwa msumeno wa meno madogo saa mbili hadi tatu baadaye, likiwa limeshika lakini halijakauka. Ukingoja kesho linapasuka pembeni.

Ganda letu la kwanza lilivunjika penye pembe, ambako linakuwa jembamba kama ncha ya jani. Katani iongezwe mara mbili hapo.

Wiki ya 7: ukuta, miduara, boriti

Kati ya matao, juu ya nguzo, mduara mkubwa kabisa unaoingia ni wa kipenyo cha 75 mm ikiwa boriti inaanza 10 mm juu ya kilele cha tao. Tumetumia 60. Brunelleschi aliiacha miduara hii mitupu. Vichanga vyeupe kwenye usuli wa buluu, vya udongo uliochomwa na kung'arishwa, viliwekwa na mchongaji Andrea della Robbia karibu mwaka 1487.

Dirisha na pembetatu iliyo juu yake likae juu ya kilele cha tao, kamwe lisikae juu ya nguzo.

Kwenye mwisho wa uso wa jengo boriti ya mlalo inapinda nyuzi 90 na kushuka chini kando ya nguzo bapa, kama fremu ya picha. Hilo halina maana kwa boriti: kazi yake ni kulala juu ya vinavyobeba. Vasari, mwandishi wa maisha ya wasanii, anasimulia kwamba aliyesimamia kazi baada ya Brunelleschi alijitetea kuwa ameliona San Giovanni, na Brunelleschi akamjibu kwamba jengo hilo lina kosa moja, nawe ndilo ulilolichukua. Mraba wetu ni wa katikati, haufiki pembeni, lakini kosa hilo tumelichora kwenye ubao wa maelezo. Kizazi cha kwanza kilikuwa kinajifunza lugha huku kikiizungumza.

Wiki ya 8 na ya 9: mraba ule ule kwa fresko

Karibu mwaka 1427 mchoraji Masaccio alichora Utatu Mtakatifu katika kanisa la Santa Maria Novella: nguzo bapa za Kikorintho, tao, na paa la mviringo lenye visanduku kama la Kirumi, vyote vya rangi tu juu ya ukuta bapa. Mistari aliyoikwaruza kwenye lipu mbichi bado inaonekana. Mwaka 1435 Leon Battista Alberti, mwanazuoni na msanifu, aliandika hatua za kuchora namna hiyo, naye hupima kwa mwili pia: mtu ana braccia 3.

Ubao wetu una 600 × 950 mm. Upana ni braccia 10, kila moja 60 mm. Upeo wa macho uko braccia 3 juu, 180 mm. Mtazamaji yuko braccia 15 mbele. Mistari ya sakafu inayoingia ndani yote inakwenda kwenye nukta ya katikati ya upeo. Mistari ya mlalo inapanda hivi: 11.25, 21.2, 30, 37.9, 45, na ya kumi 72 mm.

Alberti anaonya kuhusu njia ya mkato iliyotumika wakati wake: kuchora nafasi ya kwanza, kisha kila inayofuata iwe theluthi mbili ya iliyotangulia. Tumeijaribu upande wa nyuma wa ubao. Ukianza na 11.25, inakuja 7.5, 5, 3.3, na jumla haivuki 33.75 mm hata ukichora mistari elfu. Sakafu inafia chini kabisa wakati upeo uko 180. Kipimo cha kugundua kosa ni chake pia: piga ulalo kupitia pembe za vigae. Ukipita pembe zote ukiwa umenyooka, sakafu ni sahihi. Kwa njia ya mkato unapinda kwenye kigae cha pili.

Kwa kina cha braccia 10 kila kitu ni 0.6 ya mbele, kwa hiyo tao la nyuma lina upana wa 360 mm na mguu wake uko 72 mm juu. Matao yanayotukabili yanabaki duara kamili, bikari inatosha. Hilo ndilo linalofanya tao lililotazamwa uso kwa uso kuwa mahali pazuri pa kuanzia.

Lipu ya kwanza: mm 10, chokaa iliyozimwa lita 2 na mchanga mkavu lita 6. Lipu ya mwisho: mm 4, chokaa lita 1.2 na mchanga laini lita 2.4. Fundi wa Lamu au Unguja anaijua chokaa hii: kadiri inavyokaa ndani ya maji ndivyo inavyokuwa laini mwikoni. Yetu imekaa miezi minne. Vaa miwani; chokaa inaunguza macho. Mchanga uoshwe mpaka maji yatoke safi, kwani chumvi hutokea juu ya rangi baada ya wiki kadhaa kama unga mweupe, na haifutiki.

Nukta ya katikati pigilia msumari, funga uzi, uukaze na kuubonyeza kwenye lipu mbichi. Kisha una saa 6 hadi 8. Rangi haihitaji gundi: chokaa inavuta hewa ya ukaa na kugeuka jiwe, na rangi inafungwa ndani yake. Okra, udongo mwekundu, nyeusi ya mkaa na nyeupe ya chokaa zinadumu. Nyeupe ya risasi huweza kugeuka nyeusi, na buluu ya azuriti hupakwa lipu ikishakauka, kwa gundi. Tulipoteza robo ya chini kulia: iliachwa hadi saa ya 9, rangi ikakaa juu bila kushika na ikatoka na kidole. Sehemu hiyo imekwanguliwa na kupigwa lipu upya kesho yake, mshono ukifuata ukingo wa nguzo ili usionekane.

Wiki ya 10: jibu la Alberti

Katika vitabu vyake kumi vya ujenzi, vilivyopigwa chapa mwaka 1485, Alberti alirudi kwa Vitruvius na kwa magofu akasema wazi: nguzo ya duara ibebe boriti, tao libebwe na nguzo ya mraba. Rimini, mjini penye tao la Kaisari Augusto la mwaka 27 KK, alivisha ubavu wa kanisa la San Francesco matao mazito juu ya nguzo pana za mraba. Mantova, kwenye Sant'Andrea iliyoanzwa 1472, alileta mlango wa ushindi wa Kirumi mbele ya kanisa.

Tumemimina nguzo za mraba za jasi, kimo kile kile cha 291.8, na kuweka tao lile lile la mawe 15 bila waya. Zenye upana wa 40 mm zilianguka. Za 50 zilisimama lakini tao lililala baada ya mlango kufungwa kwa nguvu. Za 60, mita 1.2 kwa jengo halisi, zimesimama siku sita sasa.

Mifano miwili imewekwa kando kwa kando. Ule wa Brunelleschi ni mwepesi na una chuma. Wa Alberti hauna chuma, na kivuli chake ni kizito. Bado: kupaka kijivu nguzo ya pili, kuziba ufa wa nywele kwenye kuba upande wa ukutani, na kukata kigezo cha nguzo ya Tempietto, kanisa dogo la duara la Bramante mjini Roma, ambako boriti inarudi kulala juu ya nguzo za duara, 16 kwa idadi.